GUNIA LINA HATI, MTU HANA

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi watu wa reli twajua kuhesabu. Gunia moja likipakiwa katika behewa kule Mombasa, huandikwa. Karani wa huko ana hati yake, gadi wa treni ana hati yake, na karani wa Nairobi hulingoja akiwa na kalamu mkononi. Gunia likipotea njiani, watu huitwa ofisini wajieleze, na mwenye mali hudai fidia mpaka alipwe. Hatujasikia hata siku moja mkubwa wa stesheni akisema, "Ni gunia tu, lisahauliwe."

Basi twauliza neno moja. Watu waliochukuliwa katika nchi hii tangu mwaka 1914 mpaka 1918 kwenda kubeba mizigo ya vita, hati zao ziko wapi? Nani aliwapokea? Nani aliandika kwamba hawakufika? Nani alilipa fidia kwa wake na watoto wao?

Wako wanaotujibu kwamba hayo ni mambo ya kale, wenyewe wamekufa, tuwaachie walimu wa historia. Hatukubali. Deni halifi kwa sababu mdai amekufa. Humwendea mrithi wake. Na warithi ni sisi tunaokaa Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Pumwani. Tena jambo lenyewe halikuisha mwaka 1918. Lilirudi katika vita vya pili, na mwaka 2025 limeonekana tena milangoni petu kwa sura nyingine. Kwa hiyo tafadhali someni mpaka mwisho, na asiyejua kusoma asomewe.

JINA TULITAJALO KILA SIKU

Kila siku twasema, "Nashuka Kariokor," "Naenda soko la Kariokor kununua kiondo." Wangapi kati yetu wanajua maana yake? Jina hilo ni Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi, lililopindwa na ndimi za babu zetu. Mahali hapo palikuwa na kambi yao. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, na jina ni lile lile. Miji miwili mikubwa ya Afrika ya Mashariki ina masoko yanayoitwa kwa jina la watu ambao majina yao wenyewe hakuna ayajuaye.

Vita vile vilikuwa vya Waingereza na Wajerumani. Nchi ya kupigania haikuwa na barabara za magari, na farasi na ng'ombe waliuawa na ndorobo. Reli ilifika mahali fulani ikakoma. Kutoka hapo kila risasi, kila gunia la unga na kila hema la afisa lilikwenda juu ya kichwa cha Mwafrika, ratili 50 hivi, siku baada ya siku, mpaka kule kusini ya nchi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani.

Mwanzoni kikosi kilitafuta watu kwa mshahara. Watu walipoona wenzao hawarudi, walikataa. Ndipo mwaka 1915 Serikali ya koloni ikatunga sheria ya kuwachukua kwa lazima, na mshahara wa mpagazi ukawa rupia 5 hivi kwa mwezi, usije ukashinda mishahara ya mashamba ya walowezi. Mwaka 1917 ukaja msako mkubwa chini ya Bwana John Ainsworth, uliochukua watu kwa makumi ya maelfu kwa miezi michache. Machifu waliagizwa watoe hesabu yao ya vijana. Chifu aliyeshindwa kutimiza hesabu aliona cheo chake kinatikisika, kwa hiyo alituma watu wake usiku. Na katika mambo kama hayo mnajua ni nani hukamatwa kwanza: mwana wa mjane, mwana wa maskini, na yule aliyegombana na chifu juu ya shamba.

WALIKUFA KWA NINI

Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wapagazi wote waliowatumikia Waingereza katika vita hivyo walikufa watu wasiopungua 95,000, na katika hao waliotoka Kenya ni 40,000 au zaidi. Tafadhali msiwaze kwamba waliuawa na bunduki. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na vichomi. Watu wa milimani walipelekwa nchi za joto na homa bila dawa ya kutosha. Watu waliozoea ndizi, wimbi au viazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, nao hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Utumbo ulikatika, mtu akalala kando ya njia, na mzigo wake ukapewa mwingine.

Msiambiwe kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu. Upo ushahidi. Mwaka 1917 wamisheni wa Kikuyu, wakiongozwa na Daktari Arthur, waliunda kikosi chao cha watu karibu 2,000. Watu hao walikwenda katika vita vile vile na jua lile lile, lakini walikuwa na wasimamizi waliowajua kwa majina, waliotazama chakula chao na wagonjwa wao. Nao walikufa wachache kuliko wengine. Basi kumbe ilikuwa inawezekana. Palipokuwa na mtu wa kuwajali watu walirudi nyumbani, na pale ambapo hapakuwa naye waliachwa njiani. Afisa mmoja wa Ofisi ya Makoloni mjini London aliandika kwamba jambo hili lilikosa kidogo tu kuwa aibu kubwa, kwa sababu walioumia zaidi ni wapagazi, na ni nani awajaliye wapagazi? Wakubwa walijua.

NYUMBANI KULIKUWAJE

Sasa tutazame yule aliyebaki. Mume amechukuliwa, na kaka zake pia. Shamba la kulima na jembe ni la mama peke yake, na watoto. Kodi ya nyumba haikungoja mwenye nyumba arudi. Mwenye kodi alikuja vile vile. Ng'ombe na nafaka vilichukuliwa kulisha jeshi. Mvua ilipokosa kunyesha mwaka 1918, njaa ilikuta ghala tupu, na nyuma ya njaa ukaja ugonjwa wa mafua makuu ulioenea dunia nzima. Kule Ugogo, Tanganyika, ambako majeshi yalizoa chakula na mifugo na wabebaji, njaa ile mpaka sasa ina jina lake, Mtunya, na iliua watu kwa maelfu mengi.

Mama huyo alingoja. Vita vilikwisha Novemba 1918. Watu wachache walirudi, wamekonda, nao waliulizwa, "Uliona mwanangu?" Hakuna barua iliyokuja kusema amekufa. Mwanamke ambaye hajui kama ni mke au ni mjane, afanye nini? Hawezi kufanya matanga wala kurithiwa kwa desturi, wala hawezi kudai kitu.

Na kitu cha kudai kilikuwako. Mpagazi aliyekufa alikuwa na mshahara wake ambao hajachukua. Ulipojumlishwa wa watu wote, ulifika makumi ya maelfu ya pauni. Serikali ikasema wenyewe hawapatikani, kwa maana majina yaliandikwa ovyo, na mwingine alikuwa na namba tu kwenye kibati cha shingoni. Wako maafisa, na mmoja wao ni Bwana Oscar Watkins aliyekuwa mkuu wa Kikosi, waliosema fedha hizo basi zitumiwe kwa faida ya Waafrika wa makabila yaliyotoa watu hao. London ilikataa. Tazameni hesabu hiyo, ninyi makarani wetu: mtu anaandikwa vibaya na mwajiri, halafu mwajiri anasema kwa kuwa ameandikwa vibaya, mshahara wake ubaki kwa mwajiri! Karani wa stesheni akifanya hivyo kwa mzigo wa mteja, atalala kituo cha polisi.

Askari Wazungu waliorudi walipewa mashamba mwaka 1919 katika nchi za juu, na mengine yalikatwa katika ardhi ya Wanandi. Wapagazi waliorudi walipewa kipande. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, na Serikali iliyoshindwa kupata jina la mfu ili imlipe ikaweza kuandika majina na alama za vidole za walio hai ili wasitoroke kazi. Mwaka 1921 walowezi wakakata mishahara kwa theluthi moja. Ndipo Harry Thuku akasimama hapa Nairobi, na alipokamatwa watu wakapigwa risasi tarehe 16 Machi 1922, naye Mary Muthoni Nyanjiru akafa mbele ya wanaume waliokuwa wakisitasita.

HAWAKUKUBALI WOTE

Wako wasemao kwamba babu zetu walikwenda kwa hiari, kwa uaminifu kwa Mfalme. Waulizeni Wagiriama. Mama Mekatilili wa Menza alizunguka kaya zao mwaka 1913 akiwakataza watu wasitoe vijana. Wazee wa huko husimulia kwamba alimletea Bwana Champion, afisa wa Serikali, kuku na vifaranga wake, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Alipotia mkono kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia, hivyo ndivyo utakavyoona ukijaribu kuchukua watoto wetu. Alihamishwa yeye na Wanje wa Mwadorikola mpaka Kisii, wakatoroka wakarudi pwani. Agosti 1914 Serikali ikabomoa kaya kuu kwa baruti, vita vikawaka, na Wagiriama wakatozwa rupia 100,000 na watu 1,000 wa kwenda kubeba mizigo. Kama ilikuwa hiari, faini ya watu ni ya nini?

Na katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, Mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti mwishoni mwa mwaka 1914. Aliuliza kwa nini Mwafrika afe katika vita visivyo vyake, yeye ambaye akifa huacha safu ndefu ya wajane na yatima wasio na kitu. Gazeti lile lilizuiwa. Mwanzoni mwa 1915 aliinua watu wake, naye akauawa. Hakuandika juu ya bendera wala juu ya wafalme. Aliandika juu ya wajane na yatima, kwa kuwa alijua mzigo wa mwisho wa vita unamwangukia nani.

VITA VYA PILI

Mwaka 1939 vikaja vita vingine. Kutoka Kenya peke yake waliingia jeshini watu zaidi ya 90,000. Wengine walikwenda wenyewe kutafuta mshahara, wengine walichukuliwa. Tena tangu mwaka 1942 watu walilazimishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, mkonge na mengineyo, wakiambiwa hiyo nayo ni kazi ya vita. Vita vilikuwa vya dunia, lakini faida ya shamba ilikuwa ya mwenye shamba.

Soko letu la Burma, hapo karibu na Jogoo Road, lina jina la nchi ambako vijana wetu walipigana na Wajapani katika msitu. Na wengine hawakufika huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Wangapi kati yetu tulifundishwa hayo shuleni?

Waliorudi mara hii walikuwa na macho mengine. Bildad Kaggia alitoka jeshini akaja kuwa kiongozi wa wafanyakazi hapa Nairobi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama kudai uhuru wa Afrika ya Mashariki, na mwezi uliofuata yeye na Fred Kubai walipokamatwa, mji mzima uligoma. Chama cha wafanyakazi katika mji huu kilijengwa na watu waliokwisha kuona jinsi mtu anavyotumiwa na kutupwa. Ndiyo sababu twasema jambo hili ni la chama.

NA SASA

Kenya haina sheria ya kumlazimisha mtu kuwa askari. Twashukuru. Wala hatumgombezi kijana anayeingia katika jeshi la nchi yake kwa hiari, mwenye namba, mshahara na pensheni, na ambaye akifa mama yake ataletewa mwili na bendera. Tunagombana na vita vinavyomchukua mtu kisha vinakana kwamba vilimchukua.

Mwezi wa Septemba 2025 polisi walikuta vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja huko Athi River, wakingoja kupelekwa Urusi. Novemba 2025 Serikali ikasema kwamba Wakenya zaidi ya 200 wameingia katika jeshi la Urusi kupigana na Ukraine. Waliorudi wamesimulia kwamba waliahidiwa kazi ya udereva, ya ulinzi, ya usafi, kwa mshahara ambao hakuna kiwanda cha Industrial Area kiwezacho kuulipa. Walipofika walitiliwa karatasi ya Kirusi mbele yao, wakatia sahihi, wakapewa bunduki.

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Uria. Alibeba barua kwa mkono wake mwenyewe akampelekea Yoabu, wala hakujua kwamba iliyoandikwa mle ni amri ya kumweka mahali pa kufa. Hao vijana ni Uria.

Mtu atasema, "Hao walijitakia, hawakufungwa kamba." Nasi twajibu, kamba ziko za namna nyingi. Mwaka 1917 kamba ilikuwa ya mkonge, nayo ilionekana. Leo kijana amemaliza shule miaka mitano, hana kazi, mama anauza mboga, kodi ya nyumba inadaiwa, na wakala amevaa vizuri anasema paspoti na tikiti ni juu yake. Kijana huyo amefungwa tayari kabla wakala hajafika. Anayepata fedha kwa kila kichwa anachosafirisha hana tofauti na yule chifu aliyetimiza hesabu yake usiku.

Na habari za nyumbani ni zile zile za 1918. Simu imenyamaza. Mama anakwenda ofisi hii, anatumwa ofisi ile. Hana nakala ya mkataba, hajui jina la wakala, hajui mwanawe aliandikwa kwa jina gani. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado tunapeleka watu bila hati.

TUNAYODAI

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Uingereza akaomba radhi Bungeni, na Tume ikaahidi kutafuta majina. Radhi tumeisikia. Lakini radhi si mshahara. Kwa hiyo twadai hivi:

1. Majina ya wapagazi yanayopatikana katika maktaba za Nairobi na London yaandikwe na kubandikwa Kariokor, penye watu, ili mwenye kusoma jina la babu yake alisome bila nauli ya ndege.

2. Serikali yetu iidai Uingereza hesabu ya mishahara ya wapagazi ambayo haikulipwa, na kilicho halali kiletwe kijenge shule na zahanati katika sehemu zilizotoa watu hao, na huku Eastlands walikokuja kukaa watoto wao.

3. Mawakala wote wa kazi za ng'ambo waandikwe na wakaguliwe, na aliyempeleka mtu vitani kwa hila ashitakiwe. Waliobaki huko warudishwe, na waliokufa familia zao zijulishwe kwa barua yenye sahihi ya mtu mwenye cheo, si kwa uvumi wa simu.

4. Hili la nne ni letu wenyewe, halingoji Serikali. Kila mwanachama ambaye mwanawe, binti yake, ndugu yake au jirani yake anataka kwenda kazi ng'ambo, alete nakala ya mkataba na ya paspoti kwa katibu wa tawi kabla mtu hajapanda ndege. Katibu aandike katika daftari jina kamili, jina la baba, kijiji, jina la wakala na namba yake ya simu, na mtu wa kujulishwa. Mkataba ulioandikwa kwa lugha tusiyoijua usitiwe sahihi mpaka umefasiriwa. Wakala anayekataa mkataba wake usionekane na chama, amekwisha kujitaja yeye ni nani.

Daftari moja la shilingi chache lingalikuwako Kariokor mwaka 1917, wajane wetu wangalilipwa. Halikuwako kwa sababu hakuna aliyetaka liwepo. Sasa tunalitaka, na sisi ndio tunaoshika kalamu. Anzeni Jumamosi hii, baada ya mishahara, kabla ya watu kutawanyika.

Umoja ni nguvu.

Sisi wafanyakazi wa reli,
Muthurwa na Makongeni, Nairobi.